Amana ya Matumbawe

Ng'ambo, Tabora
Mfungo Tatu

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuamkia kutoka huku kwenye vumbi, nikiomba goti lako liwe limepunguza ukorofi na yule mbuzi mwizi awe hajala mkeka mwingine. Mimi mwili mzima, ila roho inachemka. Zuhura, najua wewe ndiye unayemsomea Mama. Soma yote kama yalivyoandikwa, usiruke mahali.

Mama, sitafika harusini. Nimelisema mapema maana nikilizungusha nitachana karatasi, na hii ni ya tatu. Najua siku haisogei tena. Niliisogeza mara moja mimi mwenyewe, na sasa bwana harusi amepangiwa kufundisha kijiji cha ujamaa huko kusini na anatakiwa kuripoti na mkewe. Najua pia kwamba tangu baba afariki walii wa Zuhura ni mimi, na kumwoza mdogo wangu ni jambo nililolisubiri kuliko harusi yangu mwenyewe. Kilichonizuia ni konokono. Ndiyo, konokono. Cheka, ukimaliza nitaendelea.

Unamkumbuka Bwana Nassor, tajiri wangu wa dukani. Sebuleni kwake kuna sanduku la vioo, refu kama kitanda cha mtoto, limejaa maji ya bahari na matumbawe hai. Aliachiwa na mtaalamu wa kigeni aliyemaliza mkataba akarudi kwao. Maji yanatoka Dar es Salaam kwa treni, kwenye madumu, na umeme ukikatika mimi hukaa na pampu ya baiskeli kuyapulizia hewa. Niliajiriwa kupima sukari na kukata vitambaa, lakini siku ya kwanza tu bwana aliposikia natoka Kilwa akasema, "Alhamdulillahi, mtu wa bahari!" Nikamwambia kwetu matumbawe tunayachoma chokaa, baba alikuwa na tanuu lake. Akacheka mpaka kofia ikamwanguka. Alidhani namtania.

Siku ya kuondoka kwenda Hija na mkewe Bi. Moza, aliniita mbele ya majirani. "Salumu, duka analo mwanangu. Hivi viumbe vya bahari nakukabidhi wewe. Ni amana."

"Nimepokea," nikasema, kama mtu anayepokea kikombe cha kahawa. Ulimi hauna mfupa.

Wiki haikuisha, matumbawe yakaanza kuota mabaka meupe. Nilidhani ni jua, nikasogeza pazia. Nikadhani ni maji, nikabadilisha. Mabaka yakazidi. Mwisho nikaazima kile kioo cha fundi saa, anachokibana jichoni, nikatoa jiwe moja la tumbawe, nikaliweka kwenye beseni na kuligeuza chini juu. Mama, walikuwa wamejaa! Konokono wasio na gamba, wadogo kuliko punje ya mchele, weupe, na mgongoni wana vishungi vinavyofanana kabisa na vidole vya tumbawe wanalolitafuna. Ungeweza kuwatazama mwezi mzima usiwaone. Nilishikwa na hasira kana kwamba wameingia jikoni kwako.

Huku dawa ya kila mdudu ni tumbaku. Nikachemsha majani, nikayaacha yapoe, nikayachanganya na maji ya bahari, nikaloweka jiwe kubwa kama unavyomwosha kuku mwenye utitiri, nikaenda kuswali adhuhuri. Niliporudi konokono walikuwa wamekufa wote, na tumbawe pia. Lilikuwa lile la zambarau ambalo Bi. Moza analipenda kuliko wajukuu zake. Nilikaa sakafuni nikalia, mtu mzima.

Mara ya pili nikawa na adabu. Maji ya tumbaku mepesi, rangi ya chai ya mgonjwa. Nikazamisha jiwe, nikasoma Alhamdu mara saba, nikalitikisa. Konokono wakajikunja wakadondoka. Nikalisuuza kwenye maji safi ya bahari, yale machafu nikayamwaga uani. Nikafanya hivyo jiwe baada ya jiwe, na matumbawe yakapona! Ndipo nilipowaandikia kwamba naja, na sanduku langu la nguo nikalifunga kamba.

Siku ya tisa wakarudi. Wadogo zaidi, wengi zaidi. Nilitamani kulipiga teke lile sanduku la vioo.

Aliyenifungua macho ni Masanja, mtu wa Igunga anayesimamia josho la ng'ombe, hupita dukani kununua chumvi. Nilimsimulia kwa hasira.

"Umeogesha mara ngapi?"

"Mara moja. Walikufa wote."

"Wamekufa wakubwa, bhabha. Mayai je? Dawa haiingii kwenye yai. Sisi ng'ombe tunawaleta kila wiki, hata kama kupe hatuwaoni. Mwenye kuleta mara moja anajichosha bure."

Nikageuza mawe tena na kile kioo. Kweli, chini kabisa, mayai yamebandikwa kama ute uliokauka. Sasa nayasugua kwa mswaki na kuogesha mawe yote kila baada ya siku saba, hadi nione majuma mawili hakuna hata mmoja. Mama, kutoka hapa hadi Kilwa, treni, kisha basi na mvua hizi, siku saba hazitoshi hata kuja tu, sembuse kurudi. Nikiondoka, nitakuta mifupa.

Nilimwomba mtoto wa bwana anishikie. Akasema, "Hukukabidhiwa mimi, umekabidhiwa wewe." Nikaenda kwa Maalim Rajabu, anayesomesha watoto Kurani hapa mtaani, nikitumaini ataniambia nenda.

"Vina uhai?" akauliza.

"Vina uhai."

"Na mwenyewe yuko Makka, huwezi kumwomba ruhusa."

"Siwezi."

"Basi uwalii una wakala, unaweza kumpa mwingine. Amana uliyoipokea kwa mdomo wako huigawi."

Nilimwuliza mara tatu kwa njia tatu. Jibu lilikuwa hilo hilo, nikatoka bila hata kunywa kahawa yake. Nina hasira na bwana, na konokono, na mdomo wangu.

Nisalimie shangazi mkunga na mwambie asile pilau yangu. Nisalimie jirani yetu mshona kofia, na yule mjomba baharia ambaye hajibu barua.

Sasa Zuhura, soma pole pole, hapa ndipo penye kazi.

Mimi, Salumu bin Omari, namfanya baba mdogo wangu Hamisi kuwa wakala wangu, amwoze ndugu yangu Zuhura binti Omari kwa mwalimu aliyemchumbia. Mashahidi wangu ni Maalim Rajabu na fundi saa, na wametia sahihi zao nyuma ya karatasi hii.

Baba mdogo, kabla ya yote uingie ndani umwulize mwenyewe kama ameridhika. Usipokee jibu la mashangazi. Ukitoka barazani kumwoza, usiseme "kwa niaba ya kaka yake" tu. Taja jina langu lote, na la baba, kwa sauti ya kufika chumbani, ili Zuhura anisikie.

Ni mimi mwanao,
Salumu