Raba za Mghoi

Jumanne, 3 Juni
Nimelisha kuku. Nimepika uji, nimempelekea Mghoi kikombe gereji. Hakuniona. Huyu mjukuu wangu akishika injini, nyumba ikiungua atasema subiri kidogo.
Injini imetoka kwa gari lililogongwa. Haina pistoni. Ndani kuna chuma cha pembe tatu, kinazunguka tu, hakipandi hakishuki. Anaifunga kwa ndege ndogo ya ranchi, ile ya kuangalia ndovu kabla hawajafika mashamba ya Rukanga. Wiki ijayo atairusha mwenyewe. Leseni anayo.
Mimi naogopa. Basi, nimeandika.

Alhamisi, 5 Juni
Leo nimemlazimisha anieleze. Injini hii inazunguka mbio mno. Propela ikienda mbio hiyo itapiga kelele tu, haitavuta ndege. Kwa hivyo katikati ameweka giaboksi yake. Gia ndogo inazungusha kubwa, mbio inapungua, nguvu inaongezeka. Gia amezitoa kwa lori kuukuu, nyumba ya kuzifunika ameikereza mwenyewe. Inang'aa kama sahani ya harusi. Mimi sikuingia darasa lolote, hata herufi nilifundishwa na huyu huyu Mghoi jikoni. Lakini kitu kizuri nakijua nikikiona.
Baba yake hajakanyaga hapa tangu Pasaka. Elija, mwanangu, amekaa huko Chawia na hasira zake. Eti binti ameacha kazi ya mshahara Mombasa kuja kujipaka grisi. Nimempigia simu, shuka uje utase. Kwetu mzazi mwenye kinyongo hakikalii. Anakisema wazi, anajaza maji ya muwa mdomoni, anayapuliza nje pamoja na hasira, anambariki mtoto. Asipotasa, safari ya mtoto inaharibika.
Elija anasema yeye ni mzee wa kanisa. Nikamwambia mimi nilibatizwa kabla yako, mpumbavu wewe. Akakata simu.

Jumapili, 8 Juni
Kanisani. Sikusikia mahubiri.

Jumatatu, 9 Juni
Mbaya.
Mghoi ameiwasha injini ikiwa imefungwa chini kwa minyororo. Ilipoanza kushika mwendo ikatetemeka mpaka sufuria zangu zikaanguka. Halafu sauti kama mtu anatafuna mawe. Akazima, akafungua. Gia imekatika meno. Angekuwa juu, propela ingekosa nguvu na yeye angekuwa wa kuokotwa.
Nikamwambia, hiyo ni hasira ya baba yako.
"Nyanya, hiyo ni raba."
Akanikalisha kwenye ndoo. Kati ya injini na giaboksi kuna raba za kumeza mtetemeko. Yeye aliweka ngumu, akidhani ngumu ndiyo imara. Kila mashine ina mwendo mmoja inaoruka nao. Akanikumbusha posho mill ya kusagia unga: ikianza inaruka kama mbuzi, ikishika kasi inatulia. Raba ngumu inauweka ule mruko pale pale injini inapofanyia kazi. Raba laini inauteremsha chini kabisa. Unaupita mara moja wakati wa kuwasha, umemaliza. Mtetemeko hauondoki. Unapelekwa mahali usipokuumiza.
Nani alimpa kichwa hiki? Si mimi. Si Elija.
Nikasema sawa, badilisha raba. Na baba yako aje. Hakubisha. Naye anamtaka.

Jumatano, 11 Juni
Elija amekuja. Koti la kanisa, chupa ya maji ya muwa chini ya kwapa. Mghoi alikuwa amepanga gia nyingine na beringi mezani, zimeoshwa, zinangoja kufungwa. Elija akasimama hapo hapo. Akasema, "Sina neno na wewe." Uongo mtupu. Akajaza mdomo, akapuliza puuu, meza nzima.
Mghoi akatazama gia zake. Akatazama baba yake.
"Baba, umenibarikia beringi kwa sukari."
Sukari na vumbi la Voi, hiyo ni msasa. Nikamwambia Elija, umetasa uongo na umechafua kazi ya mtu, vua koti. Nikampa mafuta taa na brashi.
Ameosha mpaka jua likapoa. Gia moja baada ya nyingine. Halafu, hii ni ya nini? Na hii? Mbona hii raba inabonyea? Binti anajibu, baba anauliza tena. Mimi nachambua choroko, najifanya kiziwi.
Elija akasema bila kuinua kichwa. Aliona aibu, kanisa lote aliliambia binti yake ana ofisi. Halafu aibu ikaisha ikabaki hofu, na hofu hakujua aiseme vipi, akaita hasira. Kila usiku anaiona ndege ikianguka.
Wakatoka uani, mbali na meza. Akayasema yote tena amesimama, akajaza mdomo, akampulizia kichwani. Mghoi nywele zote zimenata. Nimecheka mimi peke yangu.

Alhamisi, 12 Juni
Raba laini. Imewaka. Ikajikung'uta mara moja kama mbwa ametoka majini, ikatulia. Sauti moja, laini, haikatiki. Elija akaweka kiganja juu ya giaboksi, hakukitoa.
Nimezalisha wanawake wengi milimani. Leo nimeduwaa vile vile.

Ijumaa, 13 Juni
Mkaguzi wa ndege amekuja, amepekua kila nati. Amekubali. Alivyokuwa akimsikiliza Mghoi, kofia mkononi, nilipenda.

Jumamosi, 14 Juni
Amepaa asubuhi. Amezunguka, ameenda upande wa Kasigau mpaka nikapoteza sauti, amerudi, ametua. Elija alikuwa ameshika mkono wangu, umevimba.
Sasa ni mchana. Mghoi amelala kitandani kwangu na viatu. Nimemvua. Soksi moja ina tundu kubwa, kidole kiko nje. Nimekifunika. Elija yuko mlangoni, anafukuza kuku wasimwamshe.