Ukuta wa Wifi

Nyumba ya Pembeni,
Nyuma ya Kinu cha Unga,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu tele kutoka kwenye kochi lilelile ulilokuwa ukilalia wakati wa likizo. Hujambo? Kikohozi kimekuachia? Na ushonaji unaendeleaje, yule bosi wako bado ananuna? Sisi hatujambo. Watoto wanakula mpaka wananitisha, na shemeji yako anakoroma kama kawaida.

Nimesikia ulivyomsifu wifi kwa ile picha ya sebule yake. Eti kama hoteli! Mimi nilipobadilisha mapazia hukuniandikia hata neno moja. Lakini tuyaache hayo.

Hapana, tusiyaache. Roho inaniuma, na nisipokwambia wewe nitapasuka. Tangu mke wa kaka yetu apake ile rangi ya kahawia iliyokolea, mama amehamia kwao. Aliniaga kwamba anakwenda kuiona tu, kesho yake arudi. Mpaka leo ndara zake ziko chini ya kitanda cha chumba chake hapa kwangu. Nikimpigia simu, habari ni ukuta: jinsi jua la jioni linavyoupiga, jinsi chumba kinavyokuwa na joto zuri, jinsi anavyosinzia pale. Kwangu hakuwahi kusinzia. Kwangu alikuwa akilalamikia magoti.

Basi nikaenda kuwatembelea, keki mkononi, tabasamu usoni. Wifi alipoingia jikoni nikavuta pazia, nikachomoa pini ya nywele, nikakwangua kipande cha rangi nyuma yake na kukifunga kwenye leso. Usinicheke! Muuza rangi alikitazama, akachanganya, akachanganya tena, mpaka ikatoka ileile. Fundi akapiga msasa kuta za sebule yangu, akapaka mkono wa kwanza na wa pili. Rangi ikaisha kabla ya ukuta wa dirishani, lakini sebule ilipendeza, mdogo wangu, hata mimi nikajionea wivu.

Nikamtandikia mama kitanda, kisha nikamwita. Aliingia, akapapasa ukuta, akatabasamu.

"Nzuri, mwanangu."

"Basi leo unalala hapa?"

Akatikisa kichwa. "Ile ya kule niliichagua mimi. Wifi yako alinipeleka dukani, akaniambia, mama, ukija kwetu wewe ndiye unayeshinda sebuleni, chagua. Hapa kwako hata kiti changu kikae wapi ulipanga wewe."

Kaka akaja kumchukua, mimi nikabaki na ndara.

Nililia, sikufichi. Halafu juzi nikampigia mama, kwa sauti ya upole ambayo wewe hujawahi kuisikia kwangu. Nikamwambia ukuta wa dirishani bado mweupe, na huo ni wake, achague anachotaka, kiti nacho akiweke anapopenda. Alifurahi sana. Jumamosi anakuja kuchagua rangi, na amesema atalala.

Anakuja na wifi. Eti wifi ana jicho la rangi.

Nisalimie shemeji na yule binti yako mtundu, na shangazi ukienda kwake. Mungu akutunze huko ugenini, akupe afya na kazi isiyokuvunja mgongo. Na ukimwandikia wifi, andika habari za hali ya hewa.

Wako akupendaye kuliko wifi anavyokupenda,

Dada yako mkubwa