Leso Kati Yangu na Mama Mkwe

Alhamisi, katikati ya Julai. Baridi, manyunyu tangu alfajiri. Hapa Shauri Moyo nguo za jana bado ziko kambani, mbichi.

Leo mama mkwe amesimama. Naanza na hilo kwa sababu ndilo nililokuwa nikiliombea, na kwa sababu mengine ni magumu kuandika.

Aliteleza ngazini kule Kware, anakoishi na kitinda mimba wake, akipandisha mtungi wa maji. Nyonga ikavunjika. Upasuaji ulikwenda vizuri. Daktari alitoka akitabasamu. Kesho yake sista wa wodi aliniita kando akaniambia kazi iliyobaki ni yetu. Mtu wa umri ule haachwi alale tu. Asipoinuliwa mapema kifua kinajaa, ngozi inachubuka, miguu inasahau kazi yake. Manesi ni wachache na vitanda vimejaa, kwa hiyo jamaa wa mgonjwa ndiye anayesaidia, asubuhi na jioni.

Jamaa ni mimi.

Nasimiyu, mke wangu na mama wa mwanetu Wekesa, yuko Uarabuni kwa mkataba wa kazi za nyumbani. Huyo kitinda mimba ni dereva wa lori, na wakati huu yuko ng'ambo ya mpaka wa Malaba. Nimebaki mimi, na mimi ni mkwe. Kwetu magharibi mkwe hamgusi mama mkwe wake. Hatupeani mikono, hatuli meza moja, wala simtazami usoni nikizungumza naye. Miaka yote ya ndoa yangu nimemsalimu nikiwa mlangoni. Sasa niambiwe nimshike kiuno, naye amevaa gauni la hospitali lililo wazi mgongoni?

Nilimweleza sista. Alinisikiliza huku akibadilisha dripu.

"Mzee, mimi hapa sijui mkwe. Najua nyonga."

Shosho mmoja, bibi kizee wa kitanda cha jirani aliyekuwa akiuza vitambaa Eastleigh, alicheka mpaka akashika mshono wake. "Kijana, kama unaogopa kumshika huyo, nishike mimi kwanza ujifunze!"

Wodi nzima ilicheka. Mama alijifunika blanketi usoni.

Nasimiyu alipopiga simu nilimwomba sista amwekee mama sikioni. Nilisikia sauti ya mke wangu ikibembeleza, kisha ikilia. Mama alimjibu bila haraka: "Mguu ndio umevunjika, Nasimiyu. Mimi bado ni mama mkwe wa mtu."

Akabaki amelala. Siku zikapita.

Jumapili akina mama wa kanisa walikuja na uji na nyimbo. Sista akawaomba wawili wabaki wamsaidie kumwinua. Wakakataa: mfupa haujashika, mama ameteseka vya kutosha, mwacheni apumzike. Wakaomba apumzike, nami nikaitikia amina.

Ile amina inaniuma. Haikuwa imani. Ilikuwa afueni.

Nimekuwa nikijiambia kwamba ni mila iliyonizuia. Ilinizuia, ndiyo. Lakini nikiwa mkweli, nusu yake ilikuwa woga. Sikutaka kujua jinsi mtu niliyemheshimu hivyo alivyokuwa amekwisha.

Jumanne akaanza kukohoa. Jana nilimkuta amewekewa oksijeni. Sista aliniita tena, na safari hii hakuwa na mzaha. Alisema kabla ya upasuaji walimuuliza mama habari za presha, sukari, dawa anazomeza, na kama amekula. Hakuna aliyemuuliza nani angemwinua baadaye, wala yeye mwenyewe angekubali ainuliwe na nani. "Tungejua, tungepanga," alisema, akitazama sakafu. Halafu akaniuliza jambo ambalo sikulitarajia.

"Kwenu, mkwe anaruhusiwa kumpa mama mkwe kitu gani?"

Nikamwambia nguo. Blanketi. Leso.

"Basi kesho uje na leso. Nzito."

Leo nimepita soko la Gikomba mapema, nikachagua leso yenye maua mekundu. Nilivuta kitambaa mara kadhaa kujaribu nguvu yake, mpaka muuzaji akaniuliza kama nataka kufunga ng'ombe. Sista alimvika mama gauni la pili kumfunika mgongo, akamzungushia leso kiunoni, akanipa ncha zote mbili. Yeye akashika bega. Mimi nilitazama dirishani.

"Mama, nimekuletea leso," nikasema.

"Nimeiona, Baba Wekesa. Ni nzuri. Vuta."

Nikavuta polepole. Shosho wa jirani aliinua shingo kutazama.

Mama akasimama.

Mikono yangu haikumgusa, lakini uzito wake wote ulinijia kupitia kitambaa. Ulikuwa mdogo mno. Sijui kwa nini nilidhani mtu niliyemwogopa miaka hii yote lazima awe mzito.

Zilikuwa pumzi chache tu. Magoti yakatetemeka, midomo ikabadilika rangi. "Miguu hii si yangu tena," alisema, bila kulalamika, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima. Akaomba tumketishe. Shosho alipiga makofi peke yake, kisha akaacha.

Mchana daktari alimsikiliza kifua, akanitoa nje ya wodi. Dawa wamebadilisha, lakini mapafu yamechoka sana. Akaniambia niwaite walio mbali. Nilimuuliza kama ingekuwa hivi endapo tungemwinua tangu siku ya kwanza. Alitazama faili la mama. Alisema leso ilikuwa wazo zuri, na kwamba kuanzia sasa kila mzee atakayeingia upasuaji pale wodini ataulizwa kwanza nani atamshika mkono akitoka.

Ni vizuri. Nasema kwa moyo kwamba ni vizuri. Kuna mama wa mtu atakayetembea kwa sababu hiyo.

Nilipoaga, nilisimama mlangoni kama kawaida yangu. Mama alikuwa amefumba macho. Leso ilikuwa juu ya kifua chake, ikipanda na kushuka haraka haraka.

Nasimiyu hupiga simu mwajiri wake akishalala. Kila siku swali lake la kwanza ni lilelile: mama amesimama?

Nitamjibu ndiyo, amesimama. Kisha nitanyamaza. Tumeoana muda mrefu. Ataelewa, wala hataniuliza la pili.