Silungu wa Mwisho Sio Kaka Yangu

Jumapili. Manyunyu tangu asubuhi, nepi hazikauki, na mimi nimevimba kwa hasira tangu baba aondoke.

Mwanangu hana jina. Mume wangu, mtu wa Mbeya, alikubali mapema kwamba mzaliwa wetu wa kwanza achukue jina la ukoo wangu, Silungu. Tulikuwa tunamsubiri baba tu. Kwetu jina haliokotwi: aliyelibeba humpakata mtoto na kumtajia wote waliolibeba kabla yake.

Silungu maana yake ni msimamizi wa tanuru la chuma. Babu mkuu alijenga matanuru ya udongo marefu kuliko mtu, na majembe yake yalitolewa mahari mpaka huko bondeni Mtowisa. Mwanawe aliendelea kuyeyusha chuma hata majembe ya dukani yalipomharibia soko. Baba hakuyeyusha chochote, ila kila kiangazi alifyeka majani kuzunguka tanuru la mwisho, moto usilifikie.

Leo amefika kwa lori la kijiji, amelowa chepechepe. Nikamwamkia, nikamwekea mjukuu mapajani. Badala ya kumtajia majina, akaanza kunisimulia.

Kumbe tanuru halipo tena.

Klementi, kaka yangu, ndiye katibu wa kijiji cha ujamaa walikohamishiwa. Ameongoza vijana kulibomoa. Udongo wake ulioiva kwa moto wakauponda, wakaushindilia kuwa sakafu ya duka la ushirika. Wakubwa wa wilaya wakampigia makofi. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu wetu tulimsomesha wenyewe.

Jembe la baba nalo lilikuwa limekwisha kwa kulima. Juzi akapanga foleni juu ya sakafu ile, Silungu mzima, kununua jembe la kiwandani. Klementi ndiye aliyekuwa akiita watu. Zamu ya baba ilipofika, hakusema "baba", wala hakumwita kwa jina.

"Anayefuata!"

Hayo baba aliyasema bila kupandisha sauti. Afadhali angelia. Kisha akanirudishia mtoto.

"Mpe jina la kwa baba yake, mama. La kwetu tunalikanyaga."

"Mtoto hana kosa, baba."

"Ndiyo maana simtwishi."

Akaondoka na lori lilelile. Hata uji hakunywa.

Nimekaa na uchungu huo mpaka jioni. Halafu nikakumbuka kwamba mimi pia nimelibeba jina hili, tangu nizaliwe. Nikampakata mwanangu, nikaanza: babu mkuu, mwanawe, baba. Nilipofika kwa Klementi ulimi ukagoma. Nilitaka kumruka. Lakini naye ni Silungu, nitake nisitake, na mtoto akija kumsikia mitaani ataniita mwongo.

Nikamtaja, kwa meno yaliyoumana. Nikajitaja mimi. Kisha nikamtaja mwanangu.

Baba atanuna. Na anune.