Wageni wa Badar

Mkunazini, Unguja

Kwa kaka yangu Badar,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Zeyana na watoto, na joto la Dar es Salaam halijawachosha sana. Huku wazima, alhamdulillahi, ila nuru ya macho inazidi kumpungua mama. Siku hizi watu anawajua kwa sauti. Mimi nimechoka tu.

Ulinitaka nikupe hali ya maisha hapa, upime kama urudi nyumbani. Nimeuliza bei mpaka wauzaji wa Darajani wakiniona wanageuza uso. Binamu yetu Jokha wa Mombasa anasema kwao kula si tabu, tabu ni ada za shule. Wewe unalia na mwenye nyumba anayetaka kodi ya mwaka mzima mbele. Hapa mchele unavuka bahari, ukifika ushapanda bei, na nguru wetu wenyewe wanakwenda mahotelini, sisi tunabakishiwa dagaa. Usidanganywe na wanaosema Unguja maisha rahisi.

Nimezunguka Michenzani na Kikwajuni kukutafutia nyumba ya kupanga, nikarudi na miguu imevimba. Jang'ombe nimepata vyumba viwili vya bei ya kustahamilika, lakini maji ni ya kuchota.

Utashangaa kwa nini nakutafutia nyumba ilhali chumba chako cha juu kipo. Kaka, chumba chako nakikodisha kwa watalii. Nilianza baada ya Idi, nilipoona mshahara wangu wa ualimu haufiki popote, na hicho ndicho kinachomnunulia mama dawa. Yeye sikuthubutu kumwambia. Angeniuliza tangu lini mgeni akalipishwa kulala nyumbani kwa baba. Nikamwambia ni rafiki zako, umewatuma wewe.

Basi anawapokea kwa jina lako. Kila jioni ananiamrisha niwapakulie wao kwanza, na samaki akipatikana kipande kikubwa ni chao, hata nusu ya ninachopata inaishia matumboni mwao. Bibi mmoja wa Kijerumani aliondoka na kanga mpya aliyopewa na mama, ile uliyomletea wewe. Nilikasirika, lakini ningesema nini?

Juzi mama alimshika mkono mgeni aliyefika siku hiyo, akamuuliza kwa upole kwa nini Badar anawatuma watu wote hawa na yeye mwenyewe haji. Mgeni hakufahamu, akacheka. Mimi nikaingia jikoni nikalia.

Kwa hivyo kaka, nyumba ya Jang'ombe nimeiacha. Chumba chako nitakitoa, tutabanana, na dawa tutazitafuta pamoja. Maisha ni ghali huku kama huko, na peke yangu siwezi tena. Njoo.

Nisalimie wifi, na watoto wabusu kwa niaba yangu. Mama anakuombea dua kila sala. Ukifika mlangoni piga hodi kwa sauti, asije akadhani ni mgeni wako mwengine.

Mdogo wako akupendaye,
Tahiya