Kikombe cha Kageha

Njiru, 4 Februari 2024

Mpendwa Mjomba Patrobas,

Habari za Mwanza? Natumaini masikio hayajazidi kukusumbua. Kwa kuwa simu huisikii tena, barua hii naikabidhi kwa watu wa basi kama kawaida. Mimi ni mzima.

Dada yako ametoka hospitali. Daktari aliniita kando akaniambia saratani imeenea, na kazi iliyobaki ni kumtuliza maumivu. Mama sikumwambia. Nilisema ni vidonda vya tumbo, na tangu hapo napika chakula cha mtu wa vidonda: uji, viazi vya kuponda, maziwa. Chai nimemkatalia. Akina mama wa kanisa wanakuja kumwona asubuhi hadi jioni, nami siwezi kuwakalisha bila chai, kwa hiyo sufuria haitoki jikoni. Mama hujifunga kitambaa, akakaa wima kwenye kochi na kuwachekesha. Morfini, dawa yake ya maumivu, anaikataa. Anasema itamlaza mbele ya wageni.

Kuna nesi wa hospisi, wale wanaotunza wagonjwa wasiotarajiwa kupona, jina lake Ayuma, anayekuja nyumbani kila Jumanne. Anataka kuzungumza na Mama kuhusu ugonjwa. Mimi humpokea langoni na kumwonya asiseme kitu.

Mwandikie Mama kwamba atapona. Maneno yako huyaamini.

Mpwa wako,
Mideva


Mwanza, 14 Februari 2024

Mpwa wangu Mideva,

Barua imenifikia, na pole kwa kazi ya kuuguza. Mimi ni mzima kwa kiasi cha umri wangu. Goti la kushoto limeanza kutabiri mvua, na mara nyingi linakosea.

Niliitwa huku na kiwanda cha pamba. Kiwanda kilifungwa, mimi nikabaki, kwa hiyo ninayoyajua kuhusu watu wetu ni ya zamani. Nakumbuka baba yetu alivyougua. Nyumba ilijaa watu hadi mlangoni. Kila mmoja alijua Baba anakufa, na kila mmoja alimwambia mahindi ya msimu ujao atayapalilia mwenyewe. Alikufa akiwaitikia. Hakuna aliyemuuliza kama anataka maji.

Siwezi kumwandikia Kageha kwamba atapona. Kinyume chake pia sitakiandika. Hilo halisemwi kwa barua. Mwache nesi aingie. Yeye amesomea kuuliza. Wewe keti hapo usikie.

Akina mama wa kanisa wasomee hivi: kaka wa mgonjwa anaomba waje wawili wawili, na anayekuja apike chai na kuosha vikombe, ili Mideva alale. Lawama niachie mimi. Mtu aliye mbali ana faida hiyo moja.

Mjomba wako,
Patrobas


Njiru, 1 Machi 2024

Shikamoo Mjomba, kama msemavyo huko. Goti linasemaje?

Niliwasomea. Muhonja, mwenyekiti wao, akasema, "Huyo kaka anatutawala kutoka Tanzania? Basi aje aoshe na yeye." Wakacheka. Kisha akakunja mikono ya sweta akaingia jikoni. Nililala kama gunia.

Jumanne sikumzuia Ayuma. Alivuta stuli, akauliza, "Mama, wewe mwenyewe unauonaje huu ugonjwa?"

"Mideva anasema ni vidonda."

"Na wewe?"

Mama akanitazama. "Yule daktari ana sauti kubwa. Nilisikia yote. Huyu mtoto akaja na stori ya vidonda, nikaona nikimbishia ataanguka. Nikanywa uji. Hata dawa yako niliikataa, maana angejua naumwa."

Ayuma akamuuliza sasa angetaka nini.

"Chai. Nanusa ya watu tangu nitoke hospitali."

Nilipika. Sukari ilimwagika. Alikunywa kidogo, kisha akakubali dawa, akalala. Kesho yake tulizungumza sana: nguo ya kumvika, wimbo anaoutaka na ule asioutaka, na kwamba niache kusikiliza watu wanaoniuliza nitaolewa lini.

Anasema chai yangu haifiki ile ya mama yenu. Anataka umwandikie ilivyopikwa. Fanya haraka kidogo, Mjomba.

Mpwa wako,
Mideva


Mwanza, 11 Machi 2024

Dada yangu Kageha,

Mideva akusomee. Hali yako siulizi, nimeambiwa. Yangu ni ileile.

Mama alikuwa akichemsha maji na maziwa pamoja, maziwa ya yule ng'ombe mwekundu aliyevunjika pembe. Majani aliyachota kwa vidole. Sikumbuki akitumia kijiko. Mwishoni alitia tangawizi aliyoiponda kwa jiwe la mlangoni, akafunika, akatutoa nje tusifunue. Utandu wa juu ulipewa wewe kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa mdogo. Hoja hiyo sijaikubali hadi leo.

Kaka yako,
Patrobas


Njiru, 19 Machi 2024

Mjomba,

Pole sana. Najua jirani yako alikupa habari nilipompigia simu. Mama alipumzika Jumamosi mchana, bila maumivu, mkono wake ukiwa mkononi mwangu. Muhonja alikuwa jikoni akiosha vikombe. Hakukuwa na mgeni mwingine.

Barua yako ilifika Alhamisi nikamsomea. Alikuwa amefumba macho, nikadhani amelala. Nilipofika kwenye tangawizi alisema, "Si tangawizi. Ni mchaichai." Kama anayekukosoa ukiwa umeketi hapo kitandani. Baada ya hapo sikusikia neno lake jingine vizuri.

Tutamzika nyumbani Vihiga wiki hii. Kwa goti hilo sitegemei uje. Nimeona tu ujue.

Mpwa wako,
Mideva