Saini ya Orval

Dorrance, Nebraska
2 Aprili

Mwanangu Darla,

Pokea salamu zangu. Mimi naendelea, ila goti linaninung'unikia kama kawaida yake. Wewe na Omaha yako hamjambo?

Theluji imetumaliza. Dhoruba ya siku tatu, upepo ukawasukuma ng'ombe hadi kwenye ua wa mpaka na jirani yetu Orval wakafa pale, wengine wamesimama. Majike arobaini na matatu, ndama thelathini na wanane. Niliwakata hereni za namba masikioni, nikazitia kwenye kopo la kahawa, nikawazika siku ileile. Sikutaka wapita njia wapunguze mwendo kutazama aibu yangu.

Orval ndiye aliyekuja na trekta lake akachimba shimo. Akamaliza, akarudi kwake. Tumenuniana miaka kumi na moja kwa sababu ya ua huo.

Baba yako

Omaha
9 Aprili

Shikamoo Baba,

Goti lipakwe dawa, lisipewe visingizio. Nimelia kazini mpaka wagonjwa wakaniuliza nina nini.

Baba, uliwazika kabla hawajahesabiwa? Nimeipigia simu ofisi ya kilimo. Fidia ya maafa ipo, ila wanataka picha, au saini ya jirani asiye ndugu aliyeona kwa macho yake. Kopo la hereni halitoshi. Eti hata ng'ombe mzima anaweza kukatwa hereni.

Mwisho ni tarehe 30. Bila fidia hiyo kulipa mkopo, benki itachukua ng'ombe waliobaki, kisha shamba la babu. Aliyeona ni mtu mmoja tu. Nenda, Baba. Ni lango la pili tu.

Binti yako, Darla

Dorrance
18 Aprili

Mwanangu,

Mzima? Mimi nipo.

Nilienda. Nikafika langoni, nikazima gari, nikaliwasha tena, nikarudi. Jumanne nikanunua keki ya tufaha nimpelekee. Nimeila mwenyewe njiani, cheka tu.

Mtu amenichimbia shimo, hata asante sikumpa. Leo niende kumwambia, haya, nipe na saini? Na nilimwita mwizi wa ardhi mbele ya kanisa zima. Siwezi, Darla. Uso nitauweka wapi?

Baba yako

Omaha
26 Aprili

Baba,

Leo sina salamu, na simu unaiacha ilie tu.

Nimempigia Orval mwenyewe. Akasema, "Mwambie baba yako aje. Mlango wangu haujafungwa." Akakata.

Zimebaki siku nne. Mama amezikwa kwenye shamba hilo. Nakupigia magoti, Baba, nenda. Hata usiposema kitu, nenda.

Darla wako

Dorrance
3 Mei

Mwanangu Darla,

Natumaini u mzima. Mimi sijui nikuambie nini.

Barua yako ilifika tarehe thelathini mchana. Niliisoma mara nne. Nikajiambia, kesho asubuhi, siku moja si kitu, serikali yenyewe kila siku inachelewa.

Asubuhi nikabisha hodi. Orval akanimiminia kahawa bila kuuliza. Nikamwambia, "Asante kwa shimo." Akatoa karatasi kwenye droo. Majike arobaini na matatu, ndama thelathini na wanane. Alikuwa akiwahesabu akiwa juu ya trekta. Saini yake ilikuwa ya tarehe nne Aprili, siku aliyokwenda ofisini kuwaombea fidia ng'ombe wake waliokufa.

"Nilikuwa nasubiri uje tu," akasema. "Mbona hukuja jana, mjinga wewe?"

Tulikwenda pamoja ofisini. Binti wa dirishani aliisoma, akasema muda uliisha jana, akaturudishia. Orval alimfokea mpaka nikamwonea huruma binti yule. Haikusaidia kitu.

Ng'ombe wanapelekwa mnadani Jumamosi. Orval ana trela kubwa kuliko langu, atakuja alfajiri tupakie. Ameomba shamba likiuzwa aachiwe ufunguo wa lango la makaburini, awe anamfyekea mama yako nyasi.

Njoo uchukue kiti cha mama yako cha jikoni. Na unisamehe, mwanangu, ukiweza.

Baba yako